Vivinjari Vinne na Siku Moja

Barua niliyomwandikia binti yangu ilimfikia kwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza kilisema, "Nimefurahi kusikia mutoto anaendelea muzuri." Cha pili kilisema, "Sasa juu ya ile safari." Cha tatu, nilichokituma baada ya kumaliza kikombe kizima cha chai, kilisema, "Tutaona." Kila kipande kilitoka kwenye kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia mtandao, na mimi nilikuwa nazo nne. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Binti yangu anakaa Kisangani. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na alitaka kumleta Kindu nimwone kabla hajaanza kutambaa. Aliniuliza jambo moja tu, aje siku gani: "Nikuye siku gani?" Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Kazi yangu ni kuwagombeza watoto wasiojibu walichoulizwa. Na bado sikuweza kumwandikia mwanangu neno moja kama Jumatatu au Alhamisi.

Kompyuta alininunulia yeye mwenyewe ili tuonane nyuso. Niliiweka sebuleni, nikaifunika kitambaa cha kufuma kama tunavyofunika kila kitu cha maana, na betri ya paneli ya jua nikaiweka chini ya kiti. Mtandao nilikuwa nauchukua kwenye simu. Kwa miezi kadhaa tuliishi vizuri, mimi na kile chombo. Kisha ikawa siku moja nimetafuta habari za boti zinazotoka Ubundu kuja kwetu, nijue tu, bila kumwambia mtu. Kesho yake nikafungua ukurasa wa mapishi, nikakuta pembeni matangazo ya safari, masanduku, na nguo za watoto wachanga.

Niliondoa mikono kwenye kompyuta. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba kuna safari, wala kwamba kuna mtoto. Niliinuka, nikatafuta plasta ya vidonda, nikaziba lile tundu dogo la kamera. Halafu nikajiona mjinga, nikaibandua. Halafu nikaibandika tena.

Siku chache baadaye ukatokea ukurasa mwekundu wenyewe bila kuitwa. Uliandikwa kwa Kifaransa kwamba kompyuta yangu inapelelezwa, kuna jasusi ndani yake, na nikitaka kulindwa nibonyeze hapa. Nilibonyeza haraka sana. Kikaingia kijipicha cha kufuli ya kijani, kikakaa kwenye kona ya kioo, na moyo wangu ukatulia kwa muda wa kama wiki.

Lakini mashine haikutulia. Ikawa nzito. Ukurasa wangu wa kwanza ukabadilika sura, na nikiuliza kitu nilipelekwa mahali nisipopajua. Mwalimu mwenzangu akaniambia kosa ni la kivinjari, nitafute kile chenye alama ya mbweha. Mwingine akasema hapana, kile cha duara lenye rangi. Mke wa jirani, ambaye hana kompyuta, alisema watu wa maana wanatumia kile cha simba. Nilisoma maelezo ya kila kimoja. Vyote vilijisifu kwa maneno yale yale: cha haraka, salama, kinachotunza siri zako. Hata wauza samaki wa soko letu wana aibu kuliko hivyo. Sikujua nichague kipi, basi nikavichukua vyote, nikaongeza kwenye kile cha mwanzo.

Ni hapo nilipopata ile hekima yangu ya vipande, na ili mtu aelewe ilitoka wapi inabidi nirudi wakati wa vita.

Wakati wa vita nilikuwa msichana wa kuendesha foni, ile redio ya kuitana kutoka mbali. Simu za mkononi hazikuwepo, treni ilikuwa haiji, na mji ulikuwa umefungwa pande zote: wenye bunduki wa ndani walikuwa wanawaogopa wenye bunduki wa porini, na sisi tuliokaa katikati tuliwaogopa wote. Mtu akitaka kujua kama ndugu yake wa Lokandu au wa Kisangani bado ni mzima, alikuja kwenye kibanda chetu pale mtaa wa Kasuku. Ndani kulikuwa na sanduku la redio, betri ya gari, na waya wa antena uliofungwa kati ya michikichi miwili. Mimi niliita, wa upande wa pili akaitika, kisha mteja akapewa kipaza sauti na kuambiwa asipige kelele. Wote walipiga kelele.

Foni haikuwa na siri. Waliokaa kwenye benchi walisikia kila neno, na vituo vyote vya mto mzima vilisikia pia. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Mlisalimiana kwenye masafa ya wote, kisha mmoja akasema, "Shuka tano," na wote wawili wakazungusha kitufe kwenda masafa mengine, chini kidogo, ili wazungumze mambo yao. Bila shaka aliyekuwa akiwasikiliza alisikia hiyo "shuka tano" pia, akashuka nao. Tulilijua hilo. Lakini kushuka kulitutuliza, na tulikuwa hatuna kitu kingine.

Kaka yangu, mkubwa wangu, alikuwa Lokandu na biashara yake ya chumvi na sabuni, vita vikamkuta huko. Alikuwa mtu mwenye adabu iliyochosha. Kwetu huwezi kuondoka bila kuaga, hilo ni la kila mtu, lakini yeye alilizidisha. Akisema anasafiri asubuhi, ujue ataondoka baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu lazima apite kila nyumba, akae, aulize habari za wagonjwa, aombewe dua, ainuke, akae tena. Mama alikuwa anamfungia chakula cha njiani na kukirudisha jikoni kipate moto mara mbili kabla hajafika kwenye mlango wetu. Tulimcheka sana.

Siku moja aliita yeye mwenyewe kwenye foni. Nikamwambia shuka tano. Nikamsikia tena, sauti yake imejaa mikwaruzo.

"Nataka nirudie nyumbani. Nikuye siku gani?"

Asubuhi ile nilikuwa nimesikia kwa watu wawili kwamba mto uko kimya.

"Kuya Jumanne," nikasema. "Kuko kimya."

"Jumanne. Nimesikia muzuri."

Hakufika Jumanne. Hakufika Jumatano, wala juma lililofuata. Mtumbwi wake haukuonekana, wala yeye, wala mtu aliyemwona. Kuna waliosema alikamatwa kwa sababu alijulikana anapita, kwamba kulikuwa na watu wanamngoja mtoni. Mama yangu alikuwa anapeta mchele uani nilipoingia kumwambia kwamba Lokandu wamejibu, kaka aliondoka siku ile ile tuliyopanga. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu:

"Ulimutajia siku?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kupeta. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa, na mimi naona afadhali angenipiga.

Tangu hapo sitaji siku. Watu wa karibu wanalijua hilo kama tabia, kama vile mwingine asivyokula kambale. Marehemu mume wangu alijua tarehe ya harusi yetu kwa kuambiwa na mjomba wangu. Wanafunzi wangu hawajui mtihani ni lini, nawaambia tu wajitayarishe. Nikisafiri kwenda Kailo, ambako ni karibu tu, narudi bila mtu kujua niliondoka. Binti yangu alikua ndani ya tabia hiyo akaiona ni ukali wa mama. Sikuwahi kumweleza. Kuna mambo ukiyaeleza inabidi uyasikie na wewe mwenyewe.

Basi ndiyo maana ya vivinjari vinne. Kwangu vilikuwa masafa manne. Nilianza neno kwenye kile cha mbweha, nikafunga, nikashuka kwenye kile cha duara, nikafunga, nikashuka tena. Nilifikiri huyo jasusi atabaki na kipande kimoja asichoweza kukielewa. Na hata hivyo, hata kwa vipande, vidole vilikataa kuandika siku.

Majibu ya binti yangu yalikuja yote kwa mara moja, sentensi zake zimenyooka kama kawaida yake.

"Mama, juu ya nini unaniandikia barua za nusu-nusu? Nimekuuliza mara tatu nikuye siku gani. Kama hautaki tukuye, useme tu, nitaelewa. Sitakuuliza tena."

Nilisoma hayo nikiwa nimesimama, nikakaa. Alikuwa anafikiri simtaki mtoto wake. Nilikuwa nampoteza mwanangu kwa kumlinda, na sikujua nianze kurekebisha kutoka wapi. Niliichomoa mashine, nikaifunga na kitambaa chake, nikapanda pikipiki nimeikumbatia kifuani mpaka sokoni.

Fundi wa kompyuta wa sokoni namfahamu tangu zamani. Wakati wa vita alikuwa mtu wa foni kama mimi, kituo cha upande wa pili wa mto. Sasa ana mvi, miwani, na kibanda cha kutolea fotokopi. Aliiwasha mashine, akaanza kuikagua.

"Dada, navigateri ine ni za nini?" akauliza, akinionyesha vivinjari vyangu.

"Nazitumia."

"Ile gani?"

"Zote."

Nikamweleza habari ya vipande. Nilipofika kwenye "shuka tano" alivua miwani, akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika, mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Nilimwacha acheke. Na mimi ningecheka, kama si yule mtoto wa Kisangani.

"Sikia," akasema. "Ule espio, jasusi yako, hayuko njiani. Iko ndani ya mashini. Unaandika kwa hii, anaona. Unaandika kwa ile, anaona. Kila herufi unagusa, yeye iko pale. Unahama chumba, lakini iko naye ndani ya nyumba."

"Aliingia namna gani?"

Akanionyesha kwa kidole ile kufuli ya kijani.

"Hii njo yeye mwenyewe. Ulimufungulia mulango."

"Iliniambia itanilinda."

"Njo kazi yake kusema vile."

Maneno hayo hakuyasema kwa ubaya, lakini yalinichoma mahali pa zamani. Nilikaa kwenye kiti chake cha wateja nikimwangalia anavyofanya kazi. Aliitoa kufuli, akatoa na vikorokoro vingine vilivyoning'inia kwenye vivinjari, vitu ambavyo sikukumbuka kuviruhusu. Akapitisha programu ya kusaka wadudu, ikachukua muda mrefu hadi akapata kutoa fotokopi za watu watatu. Vivinjari vitatu akavifuta. Nilimwuliza kwa nini anabakisha kile cha mbweha na si kingine. Akasema kingine pia kingefaa, ubora hauzidiani sana kama nilivyofikiri. Kilicho muhimu ni kukichukua kwa wenyewe waliokitengeneza na si kwenye ukurasa wowote unaojitokeza wenyewe, kukiacha kijisasishe kila kinapotaka, na nisikiongezee urembo. Maneno ya siri tulibadilisha kwa simu yake, kwa sababu yangu ya zamani yalikuwa yameshaonekana.

"Sasa niambie," nikasema. "Ni nani? Nani anataka kujua habari zangu?"

"Hakuna mutu."

"Mutu lazima iko."

"Iko mashini, mbali, inachukua ya kila mutu. Inauzisha kwa wenye matangazo, ao inatafuta neno la siri ya benki. Wewe haikujui. Haijui kama uko mwalimu, haijui kama uko na mujukuu. Inachukua tu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Jasusi niliyemfahamu mimi alikuwa na macho, alikuwa na bwana wake, alikuwa na jambo alilolitaka kwako. Huyu anasikiliza dunia nzima na hamjui mtu hata mmoja. Sikujua kama nifurahi au niogope zaidi. Nikamwuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Wakati ule wa foni, nani alikuwa anatusikiliza?"

Alifikiri kidogo huku anafuta kioo.

"Wote. Hata mimi. Hatukuwa na kitu ingine ya kusikiliza. Nilikuwa najua harusi zenu, matanga yenu, nani amekosana na nani. Mingi nilisahau jioni ile ile."

"Ulinisikia na kaka yangu?"

"Inawezekana, dada. Sikumbuki. Mungu anajua."

Nilimwamini, na sikupata nafuu yoyote.

Nyumbani nilifungua kile kivinjari kimoja kilichobaki. Kilifunguka haraka, cheupe, hakuna tangazo la sanduku. Niliandika: "Kuya mwanangu. Nataka kumuona mutoto. Nisamehe." Jibu likarudi hapo hapo: siku gani? Niliweka vidole. Mashine ilikuwa safi, fundi alikuwa ameapa. Nikaandika J. Nikaifuta. Mwishowe nikaandika, "Siku yoyote utakayo, usiniambie," nikatuma kabla sijapata akili ya kubadilisha. Alijibu, "Sawa mama," maneno mawili, na sikujua kama amekasirika au amenielewa.

Walikuja Ijumaa. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, pikipiki ikasimama mlangoni, binti yangu akashuka na mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpokea mtoto kabla ya kumsalimu mama yake. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na alinitazama kwa paji la uso lililokunjamana kama mtu anayenifahamu na hakumbuki wapi. Nililia. Kisha, nilipomaliza kulia, nikakasirika, kwa sababu nimezaliwa hivyo.

"Nani alikuwa anajua mko njiani?"

"Wote, mama."

"Wote nani?"

Akatoa simu yake. Alikuwa ameweka picha, yeye na mtoto na mizigo, siku nne kabla ya kuondoka. Chini yake ameandika kwa urefu: naaga ndugu na marafiki, tunaenda kwa mama Kindu, tutalala Ubundu siku fulani, tutapanda boti asubuhi fulani, tutapita Lokandu, mutuombee. Na watu walikuwa wamemwombea kweli, mstari baada ya mstari, wengine watu asiowajua. Mimi nilikuwa nimekata barua vipande vitatu. Yeye alikuwa ameitangazia dunia saa ya boti.

"Uliweka na saa?" nikamwuliza.

"Mama, mutu hawezi kuondoka bila kuaga. Na Kisangani nilipita nyumba zote, miguu iliniuma. Ulitaka niondoke kama mwizi?"

Alikuwa ameshika mkono kiunoni, kichwa kimeinama upande, na alikuwa kaka yangu mtupu. Hawakuwahi kuonana. Nilimwangalia, nikakaa kwenye kinu kilichokuwa karibu.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeiona ile Jumanne kama neno moja lililotoka mdomoni mwangu, likapita kwenye waya, likafika kwenye sikio moja baya. Sikuwahi hata mara moja kufikiria alichofanya kaka yangu baada ya kuweka kipaza sauti chini. Lakini nilimjua. Alipita Lokandu nyumba kwa nyumba. Alikaa, akauliza habari za wagonjwa, akawaambia wote naondoka Jumanne, mniombee, akainuka, akakaa tena. Kama kulikuwa na watu wanamngoja mtoni, hawakuhitaji foni. Kila mtu Lokandu alikuwa ameagwa.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Sijui. Inawezekana walisikia kwangu, inawezekana walisikia kwake, inawezekana hawakusikia kwa mtu, walikutana naye tu, kama ile mashine aliyoisema fundi inavyokutana na watu. Mama yangu hayuko nimwambie. Nilibaki na mzigo mkononi bila kujua ni wangu au niliushikia mtu mwingine, na jioni hiyo nilipika sombe ikaungua.

Nilimweleza binti yangu yote, siku ya tatu, tukiwa tunamwogesha mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia haikuwa kosa langu, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Njo maana," akaendelea kumwagia mtoto maji.

Walikaa majuma matatu. Walipokaribia kurudi, binti yangu akavaa kitenge chake kizuri, akamfunga mtoto mgongoni, akasema anaenda kuaga majirani. Mara zote mimi hubaki nyumbani katika mambo hayo. Nilivaa viatu, nikamfuata.

Nyumba ya kwanza ni ya mke wa jirani, yule wa kivinjari cha simba. Alituwekea viti, akambeba mtoto, akauliza habari zetu zote. Kisha akauliza wanaondoka lini. Binti yangu aligeuka kunitazama.

"Jumanne," nikasema. Sauti ilitoka kavu, nikakohoa. "Jumanne asubuhi, na boti. Mutuombee."

Kwenye nyumba ya pili nilisema tena. Ya tatu sikungoja kuulizwa.